Waya Wenye Fundo

"Mshale uko wapi?" Cheche aliuliza bila kugeuza shingo.

"Si uko hapo mbele yako?"

"Mimi nahangaika na barabara. Hebu niangalizie."

Mkewe alijivuta kwenye kiti, akashika dashibodi kwa mkono uliovimba, akachungulia kidirisha cha kipimajoto nyuma ya usukani. Kujivuta huko tu kulimwacha akihema. "Unapanda," akasema. "Umeshapita katikati."

"Usijali. Feni inawaka sasa hivi. Sikiliza."

Kweli ikawaka. Chini ya boneti ulianza mvumo mnene, safi, usio na mkwaruzo, na Cheche akatabasamu peke yake kama mzazi anayemsikia mwanawe akisoma darasani bila kukwama. Mota ile aliitoa mwenyewe kwenye gari chakavu, akaifungua, akaisafisha, akaifunga. Ya kwanza ilifia hapa hapa mlimani, safari iliyopita. Siku ile walikaa kando ya barabara mpaka jua likapinduka, na mkewe akakosa mashine.

"Bado unapanda," mkewe akasema.

"Upe muda."

"Baba watoto, umeingia kwenye nyekundu."

Gari lenyewe lilikuwa zee, na nyumbani waliliita Shangazi, kwa kuwa halikuwahi kwenda mahali bila kulalamika, na bado kila mtu alilitegemea. Likikohoa waliliomba radhi. Likikubali kuwaka asubuhi, mkewe alilipigapiga dashibodi na kusema, "Ahsante, Shangazi." Leo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa ng'ambo ya mlima, na figo zote mbili za mkewe zilikuwa zimekwisha kuacha kazi. Tangu alipokosa ile zamu, uso ulimvimba hata macho yakabaki vijistari, na alikuwa akilala ameketi, maana akijilaza maji yalimpanda kifuani. Nesi aliwaambia bila kuzungukazunguka: leo asikose. Akikosa na leo, yeye hana la kuwaahidi.

Na tuseme ukweli. Cheche hakuwa akihangaika na barabara, alikuwa akiibahatisha. Kwa muda mrefu sasa aliiona dunia kama kupitia kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Vitu vikubwa aliviona: lori, nyumba, mti. Mstari mweupe aliuona ukija. Kona alizijua kwa mwili, kwa sababu mlima huu alianza kuupanda akiwa kijana. Rangi ndizo zilizomkimbia kwanza. Buluu, kahawia, kijani kilichokolea, nyeusi, zote zilikuwa zimegeuka giza la namna moja. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kusikitisha. Kwa fundi wa umeme wa magari ni mwisho wa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mkewe hospitali. Basi akanyamaza. Gereji akawa anafanya kila kitu kwa vidole na masikio, shingo ameigeuzia pembeni, na mafundi wenzake wakamsifu. "Mwoneni Cheche, wala haangalii!" walisema, wakidhani ni ufundi uliopea. Yeye alicheka nao, huku moyoni akiiogopa siku watakayojua.

Alilisogeza gari pembeni, kwenye changarawe ambako malori hupumzisha breki, akazima injini. Mvuke ukafoka kando ya boneti.

"Tumekwama tena?" mkewe akauliza.

"Hatujakwama. Tumepumzika."

"Na ile safari ulisema tumepumzika."

Alishuka, akafungua boneti kwa kitambaa, akarudi nyuma kuukwepa mvuke. Feni ilikuwa bado ikivuma. Ya gari hili ilipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa hiyo injini ikizimwa yenyewe iliendelea mpaka maji yapoe. Na hilo ndilo lililomchoma, kwamba ilikuwa ikizunguka. Feni ya rejeta haina siri nyingi. Maji ya injini yakipata moto, swichi iliyochomekwa kwenye rejeta inaiamsha, nayo inavuta hewa kutoka mbele ya gari, inaipitisha kwenye rejeta, maji yanapoa. Isipozunguka, fundi ana pa kuanzia. Anapima fyuzi, anabadilisha rilei, kidude kinachoipitishia feni umeme, anachomoa plagi ya ile swichi na kuziba matundu yake mawili kwa kipande cha waya aone kama feni itaamka. Ikigoma bado, anaipa mota umeme wa betri moja kwa moja. Hayo yote Cheche angeweza kuyafanya usingizini. Lakini feni inayozunguka unaianzia wapi?

Alishika mpira wa juu wa rejeta: moto. Akashika wa chini: moto vilevile. Maana yake pampu ilikuwa nzima, maji yalikuwa yanakwenda na kurudi, ila yanarudi bila kupoa. Rejeta aliizibua mwenyewe nyumbani, akaipitishia maji mpaka yakatoka meupe. Meupe kwa kadiri alivyoweza kuona, lakini maji aliyasikia yakipita kwa nguvu, na masikio yake hayakuwa na hitilafu.

"Haiwezekani," akasema.

"Nini hakiwezekani?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Hii. Hii haiwezekani."

Hapo akaanza kufanya yale aliyowakataza mafundi wengine maisha yake yote: akafungua vitu vizima. Alichomoa rilei ya feni, akaweka ya honi. Feni ikazunguka vilevile. Akairudisha. Akakwangua vichwa vya betri mpaka vidole vikamuuma. Akapima fyuzi kwa taa ya kupimia, akijua fyuzi ikiungua feni haizunguki, akijua kabisa, na bado akaipima, tena na tena, kama mtu aliyepoteza kitu na anarudia kuutafuta mfuko ule ule. Jua lilikuwa linapanda. Alilihisi kisogoni. Kijasho kilimtoka na hakikuwa cha jua.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa nesi.

"Mbona simwoni mgonjwa wangu?"

"Tuko njiani, Sista."

"Njiani wapi?"

"Mlimani. Gari limechemka kidogo."

Nesi akashusha sauti. "Baba, mashine nimemshikia. Nitamshikia mpaka adhuhuri. Baada ya hapo kuna mzee hapa kwenye benchi, naye amevimba, naye ana watoto. Sitaweza kumwambia angoje huku mashine iko tupu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Sista."

"Basi fanyeni kila njia."

Alifanya njia moja aliyobaki nayo, akasimama katikati ya barabara na kupunga mikono. Gari la kwanza lilikuwa pikapu, limejaa watu mpaka kwenye mlango wa nyuma. Dereva alionyesha kwa kidole ule mzigo wa vichwa na kupita. Kisha kukawa kimya kirefu. Kisha lori likaja kutoka upande wa juu, likiteremka, likasimama kwa kilio cha breki.

"Shikamoo, mzee," dereva wa lori akaita. "Limechemka?"

"Marahaba. Limechemka, ndiyo."

Yule dereva aliruka chini na dumu la maji, mtu mchangamfu mwenye taulo shingoni. Alimwona mwanamke ndani ya gari, akaona uso wake, uchangamfu ukampungua. "Ningewapakia, wallahi, ila mimi natoka huko mnakokwenda. Hebu tuone. Feni inafanya kazi?"

"Si unaisikia?"

"Naisikia. Na maji yanazunguka?"

"Yanazunguka."

Dereva alikuna kidevu kwa ncha ya taulo. "Basi hapo ni gasketi ya kichwa, mzee. Injini imejifia ndani kwa ndani. Nilikuwa na gari kama hili, niliishia kuliuza kwa kilo, chuma chakavu." Alimwachia dumu, akamtazama mama tena, akasema "Mungu awasaidie," na lori likaendelea kuteremka.

Cheche alibaki ameshika dumu. Aliogopa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliegemea ubavu wa gari, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe augue akajiruhusu kuiona picha aliyokuwa akiikimbia: anarudi nyumbani, anafungua mlango, anaita, na hakuna anayemjibu kutoka jikoni. Chozi likamtoka. Akalifuta kwa kiganja chenye grisi na kujipaka weusi shavuni.

"Nasikia baridi," mkewe akasema.

Ugonjwa ulikuwa umemfanya asikie baridi hata juani. Alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Cheche alimkimbilia.

"Tulia ndani, mama."

"Humo ndani nimekakamaa kama mkate wa jana. Niache nitafute jua."

Alimshika bega, wakatembea hatua za kuhesabika mpaka mbele ya gari. Cheche akamwekea sanduku la vifaa, na mkewe akaketi juu yake, akiipa barabara uso na gari mgongo, amejifunga mtandio wake wa njano. Cheche akarudi kwenye injini, akaishika tena ile fyuzi, sijui kwa nini.

"Afadhali Shangazi ana huruma," mkewe akasema baada ya kitambo. "Kaniona nina baridi, ananipulizia."

Cheche hakusikia vizuri. "Anafanya nini?"

"Ananipulizia joto. Mgongoni. Zuri kweli."

Mikono ya Cheche ikasimama. "Wapi?"

"Hapa, kwenye meno yake haya ya mbele. Mbona umeshtuka?"

Alizunguka gari mbio, akapiga magoti kwenye changarawe pembeni ya mkewe, akapeleka uso kwenye meno ya Shangazi, zile nondo za mbele ya rejeta. Hewa ya moto ikampiga usoni. Siku zote alikuwa ameegemea kwa juu, sikio likiwa kwenye mota, na huko juu kila kitu kina moto. Hakuwahi kuja kupiga magoti hapa mbele.

"Nipe mtandio."

"Nimekuambia nina baridi..."

"Nipe, nitakurudishia."

Alikunjua ncha ya mtandio akaiweka mbele ya meno ya gari. Feni inayofanya kazi yake huivuta nguo ikanata pale kama imegundishwa. Hiki ni kipimo cha kitoto, fundi yeyote anakijua, wengine hutumia gazeti. Aliuachia. Mtandio ukaruka, ukamfunika uso.

Alikaa hivyo hivyo, amefunikwa, bila kuutoa.

"Wewe naye," mkewe akasema. "Ni nini?"

"Inazunguka kinyume," Cheche akasema ndani ya kitambaa. "Haivuti. Inasukuma. Gari likienda upepo unakuja, na feni inaufukuza. Wanakutana hapo kwenye rejeta wanapigana, hakuna anayepita. Injini haina kosa. Gasketi haina kosa."

"Sasa si afadhali? Kumbe ni jambo dogo."

"Ni jambo dogo."

"Na nani kaifunga kinyume?"

Cheche aliutoa mtandio usoni taratibu, akamrudishia mabegani. Akaenda, akachomoa plagi ya feni, mvumo ukafa, na kimya cha mlimani kikawa kikubwa. Alipapasa mpaka akalipata lile fundo la tepu alilolifunga nyumbani. Plagi ya mota kutoka kwenye gari chakavu haikuingiana na ya Shangazi, kwa hiyo aliikata, akaunga waya kwa waya, buluu kwa buluu, nyeusi kwa nyeusi. Alikuwa na uhakika. Aliziinua juani, akazigeuzageuza, akachagua. Sasa aliibandua tepu, akazivuta zile nyaya mpaka karibu na mkewe.

"Hebu nisomee," akasema. "Huu umeungwa na upi?"

"Nikusomee nini?"

"Rangi."

Mkewe alimtazama yeye kwanza, kisha nyaya. "Huu wa buluu umeungwa na mweusi. Na huu mweusi umeungwa na wa buluu. Kwani hukutaka hivyo?"

Cheche akatikisa kichwa.

"Baba watoto." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtandio wangu una rangi gani?"

"Njano."

"Hiyo unakumbuka, ulininunulia wewe. Na yule anayepita kule ng'ambo, amebeba nini?"

Cheche aligeukia ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe kulikuwa na kitu kirefu. "Kuni," akasema.

"Hakuna mtu," mkewe akasema. "Ni nguzo ya umeme."

Walitazamana, au mkewe alimtazama. Alikuwa anaviunganisha vitu, na Cheche aliweza kusikia jinsi anavyoviunganisha: mshale uko wapi, hebu niangalizie, nisomee huu ujumbe miwani nimeisahau, yule ng'ombe wa asubuhi aliyepitwa kwa upana wa kiganja.

"Na ndivyo umekuwa ukinipandisha mlima huu? Hivyo?"

"Barabara naijua."

"Nimekuuliza kitu kingine."

"Ndiyo," akasema. "Hivyo."

Alitarajia apige kelele. Kelele zinahitaji pumzi na mkewe hakuwa nayo. Alisema polepole, anatua kila baada ya maneno machache. "Ni mtoto wa jicho. Dada yangu alikuwa naye. Akapasuliwa, akarudi anasoma bei za dukani kutoka mlangoni. Hata kulala hakulala huko." Akahema. "Jicho linatibika, mume wangu. Mimi nina kitu kisichotibika, nakibeba mchana kweupe kila mtu anakiona. Wewe una kitu kinachotibika, umekificha. Tena umenificha mimi."

"Niliogopa. Wangejua gereji, nani angeniletea gari? Ningekupeleka na nini hospitali?"

"Na ungenifikisha wapi? Bondeni?"

Alichukua koleo, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, akazikata zile nyaya pale zilipoungwa. Ncha zote nne zikamlegea mkononi, na hapo hapo akatambua upumbavu wake. Zilikuwa ncha nne za giza, na hakuwa tena anajua ipi ni ipi.

Wakati huo ndipo gari dogo lilipopanda kona, polepole kuliko gari lolote linavyopaswa kupanda mlima. Cheche aliingia barabarani na mikono juu. Likasimama bila haraka. Mwanamke mnene mwenye koti kubwa alitoa kichwa dirishani, na nyuma yake, kutoka sakafuni mpaka darini, palikuwa na trei za mayai.

"Usinipungie hivyo, kaka, nikishtuka mimi ni hasara ya kijiji kizima," yule mama wa mayai akasema. "Kuna nini?"

Cheche alimweleza kwa maneno ya haraka, yakigongana. Mama wa mayai alimtazama mgonjwa juu ya sanduku.

"Nina nafasi ya mtu mmoja. Hapa mbele. Na trei moja ataipakata."

"Ataipakata!" Cheche akasema. "Mama, inuka. Inuka twende, adhuhuri hii hapa."

Mkewe hakuinuka. "Lete hizo nyaya."

"Hakuna muda!"

"Lete."

Alizileta. Mkewe alivuta nyuzi mbili kwenye matamvua ya mtandio, na kwa vidole vilivyovimba, vizito, akafunga uzi mmoja kwenye waya wa buluu wa mota, na mwingine kwenye waya wa buluu wa gari. Alifunga kila uzi fundo, akalikaza kwa meno. Mama wa mayai alitazama.

"Fundo kwa fundo," mkewe akasema. "Zisizo na fundo, zenyewe kwa zenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na huu utabaki nao." Alivua mtandio. "Utapimia nini?"

"Utapata baridi!"

"Koti ninalo mimi," mama wa mayai akasema, tayari anaanza kulivua. "Mafuta ya mwilini yananitosha."

Walimsaidia pande mbili mpaka kwenye lile gari. Alipopita mlango wa Shangazi, mkewe alisimama kidogo, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia kwenye pochi yake.

"Sasa huo wa nini?" Cheche akauliza.

"Nitampigia mkwe wetu aje akuchukue. Utakaa hapa mpaka aje."

"Mke wangu, tangu lini mimi nikashindwa kuliwasha gari bila ufunguo?"

"Najua," akasema. "Nauchukua hivyo hivyo."

Trei ya mayai ikawekwa mapajani mwake. Lile gari dogo likaondoka kwa mwendo wake wa mayai, na Cheche akasimama katikati ya barabara akilitazama mpaka likawa doa, na alipolipoteza hakujua kama limepinda kona au ni macho.

Aliziunga nyaya akiwa amekaa kwenye changarawe. Kidole gumba kilitafuta fundo, kikalipata. Kikatafuta la pili, kikalipata. Akasokota shaba kwa shaba, akafunga tepu, akarudia kwa zile mbili laini. Hakuziacha vidoleni mpaka alipokuwa hana shaka, na alipokuwa hana shaka akapapasa tena, kwa sababu ile siku ya kwanza pia hakuwa na shaka. Maji yalikuwa yamepoa. Akajaza rejeta kwa dumu la dereva wa lori. Kisha akachomeka plagi ya mota, akachomoa ya swichi, akaziba matundu yake mawili kwa kipande cha waya, na feni ikaamka.

Kwa sikio ilikuwa sauti ile ile. Nene, safi. Hapo akahisi aibu ya kweli, kwamba sikio lake, lile alilojivunia, halikuweza kumwambia lolote.

Alipiga magoti mbele ya Shangazi, akauinua mtandio, akauachia. Haukuruka. Ulivutwa, ukapiga pap kwenye meno ya gari, ukanata.

Basi gari lilikuwa zima. Adhuhuri ilikuwa imefika au imepita, hakujua, na mkewe alikuwa ameketi na trei ya mayai mahali fulani mteremkoni, kando ya dereva asiyependa haraka. Kama wamechelewa? Kama yule mzee wa kwenye benchi ameshalazwa? Nani atamsemea mkewe, nani atamgombea? Cheche aliingia ndani ya gari. Mikono ilijua njia bila kuulizwa: ikaingia chini ya usukani, ikabandua kifuniko, ikazipata nyaya za kuwashia. Hizi hazikuhitaji rangi. Alizijua kwa unene. Zikigusana mara moja tu, Shangazi ataitika. Mbele ya kioo barabara ilikuwa nyeupe, na mstari wake mweupe ulikuwa ndani ya weupe huo, mahali fulani.

Alikaa hivyo, ncha mbili mkononi. Alijiambia barabara anaijua. Alijiambia ni kufika kileleni na kuteremka tu. Akakumbuka nguzo ya umeme iliyobeba kuni.

Simu ikalia. Aliipokea kwa kupapasa.

"Wameshaniunganisha," mkewe akasema.

Cheche aliibana simu sikioni.

"Unanisikia? Nesi alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Nimevunja yai moja. Yule mama kakataa hata nimwombe radhi." Akapumua. "Uko wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Uliponiacha."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kinachozunguka, taratibu, bila kuchoka. Cheche alikijua hata bila kuambiwa: pampu ya ile mashine, inayoisukuma damu yake ikapite kwenye chujio na kurudi. Alisikiliza. Ilikuwa na mwendo mzuri.

"Mkwe wetu anakuja, ila atachelewa," mkewe akasema. "Mtandio wangu?"

"Umenata."

"Basi vizuri. Naomba nisizungumze sana. Ila usikate."

"Sikati."

Aliziachia nyaya za chini ya usukani, akashuka na simu sikioni, akaenda kuketi juu ya sanduku la vifaa, mbele ya gari. Feni iliendelea kuvuma. Injini ikiwa imezimwa, feni huinyonya betri, na betri ya Shangazi haikuwa ya kuringia. Fundi mwenye akili zake angekwenda akachomoa kile kipande cha waya, ili baadaye gari liweze kuwaka. Cheche alikuwa na akili zake. Alikunja mikono juu ya magoti na kusikiliza mizunguko miwili, mmoja sikioni, mmoja mbele yake.

Baada ya muda wa mbele yake ukaanza kuwa mzito, ukashuka sauti, ukawa wa kuburuta. Ncha moja ya mtandio ikabanduka kwenye meno ya gari, ikaning'inia, ikamgusa goti.

"Bado upo?" mkewe akauliza.

"Nipo," akasema.

Ncha ya pili ikaachia.